Gunia la Wokovu

Niliokoka Jumapili ya mwisho ya Januari 2015, na Jumatatu asubuhi nikaamkia shambani kufunga lumbesa. Sikuona ubaya wowote. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuijua. Nilikuwa nimelia, nimeungama, nimeombewa, nimesikia kwa masikio yangu kwamba nimesamehewa. Njia nzima kutoka Uyole, Mbeya, kwenda Isongole niliimba ndani ya Fuso hadi dereva akaniuliza kama nyumbani kuna harusi. Saa tatu tulikuwa shambani, vijana wamefungua magunia, na mimi nimesimama pembeni na daftari nikisema yale yale niliyoyasema miaka yote: "Pandisha. Bado. Ongeza kilemba."

Kwa ambaye hajawahi kuiona lumbesa ikifungwa, inafungwa hivi. Viazi vinajazwa mpaka mdomo wa gunia. Halafu kijana anachagua viazi vikubwa, anavipanga kwa mkono kuzunguka ukingo kama fundi anayepanga tofali, katikati anamwaga vidogo. Juu ya mzunguko huo anapanga mwingine, na juu yake mwingine tena, mpaka gunia linaota kichwa, ndicho kilemba. Hapo inaingia sindano ya magunia na kamba. Anashona wavu kutoka ukingo huu kwenda ule, anakandamiza kwa goti, anavuta, anafunga fundo. Gunia lililotakiwa kuondoka na kilo 100 linaondoka na kilo 130, na vijana wangu walikuwa hodari, la kwao lilifika 140. Mkulima anahesabu kwamba ametoa gunia moja, na analipwa la moja.

Sababu yake haina siri. Kwenye viazi kila kitu kinahesabiwa kwa gunia. Ushuru wa halmashauri ni kwa gunia, nauli ya lori ni kwa gunia, mpakiaji analipwa kwa gunia, mshushaji wa soko la Mabibo kule Dar es Salaam kwa gunia, na dalali vilevile. Kwa hiyo gunia likinenepa, mnunuzi anapata nafuu kila mahali, na anayelipia unene ule ni mtu mmoja tu, mwenye shamba. Na mgongo wa anayelibeba. Sheria ya Vipimo inakataza kufunga mazao zaidi ya kilo 100 kwenye gunia, na sote tulilijua hilo kama tunavyojua majina ya watoto wetu.

Mimi nimezaliwa kwenye Ukristo. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na babu yangu alikulia kwenye kanisa walilolianzisha. Nimebatizwa mchanga, nimepata kipaimara, nimeimba kwaya, nimefunga ndoa kanisani. Nyumbani kwetu kila asubuhi lilisomwa andiko la siku kutoka kwenye kile kijitabu ambacho Wamoravian wamekuwa wakikichapa tangu 1731. Ungeniuliza mwaka 2014 kama mimi ni Mkristo ningekushangaa. Ila ndani nilikuwa mkavu. Nilikuwa na chuki ya miaka tisa na wifi yangu, nilikuwa na ulimi ambao mume wangu aliukimbia mpaka saa nne za usiku, na nilipoenda kwenye juma la uamsho lile la Januari nilikwenda kwa sababu ilikuwa zamu ya kwaya yetu kuimba.

Sitaeleza sana kilichotokea Jumapili ile. Kila aliyeokoka anayo siku yake, na tunazisimulia vya kutosha. Nitasema tu kwamba ilikuwa kweli. Jioni ile nilimpigia wifi yangu simu nikamwomba msamaha, akadhani nimelewa, akakata. Nikapiga tena. Tulilia wote. Hilo lilikuwa la Mungu, na mpaka leo sina shaka nalo.

Lakini hakuna mtu aliyeniambia habari za gunia. Na mimi sikuuliza.

Msimu ule ulikwenda vizuri. Nilinunua viazi kuanzia Februari mpaka mwanzoni mwa Mei, Isongole, Kikondo na vijiji vya juu kule Uporoto. Shambani nilikuwa nawasalimu watu "Bwana Yesu asifiwe", na wengine walifurahi kweli kuona mfanyabiashara aliyebadilika. Sikuwatukana tena vibarua. Nilianza kuomba nao kabla ya kazi: tunashikana mikono, tunamkabidhi Mungu shughuli, tunasema amina, halafu tunapanga vilemba. Naandika hili na mkono unakuwa mzito. Sala ile haikuwa ya unafiki, kwa maana kwamba sikuwa najificha. Nilikuwa sioni. Ilikuwa kama mtu aliyefagia nyumba nzima na kuacha chumba kimoja kwa sababu ameshakizoea mlango wake kufungwa.

Mwezi Mei, ibada ya Jumapili, ukafika wakati wa shukrani na maombi. Akasimama bibi mmoja wa kijiji cha juu, mjane, anayelea wajukuu watatu. Alikuwa amekuja na plastiki ndogo ya viazi na ndizi mbichi juu yake kama sadaka. Akashukuru kwa uzima. Kisha akasema ana ombi. Akasema mwaka huu shamba lake limemchanganya. Alilima kama kawaida, akaweka mbolea, mvua ikanyesha, na kwa macho viazi vilikuwa vingi kuliko mwaka jana. Lakini vilipoingia kwenye magunia vikawa nane tu. Alitegemea kumi na moja. Fedha haikutosha sare na madaftari ya yule mkubwa aliyeingia kidato cha kwanza. Akasema kwa sauti ya chini, bila kumlaumu mtu, kwamba labda kuna kitu shambani, labda kuna mkono wa mtu, basi kanisa limsaidie kuliombea shamba.

Mwinjilisti akageuka upande wa kwaya, akaniangalia mimi. "Dada yetu anazijua shughuli hizi za viazi. Naomba atuongoze kumwombea mama yetu."

Viazi vile nilivinunua mimi.

Nikasimama. Na niliomba. Niliomba vizuri, kwa sauti, nikakemea, nikafunga kila roho inayokula mazao ya wajane, na kanisa zima likaitikia amina. Bibi alinyanyua mikono yote miwili, na mikono ile ilikuwa bado na udongo kwenye mistari ya viganja. Nilipokaa, mwenzangu wa sauti ya pili akanigusa bega kunipongeza.

Usiku ule sikulala. Saa nane nikawasha taa, nikatoa daftari la msimu nikatafuta ukurasa wa bibi. Magunia manane, 55,000 kwa gunia, jumla 440,000. Pembeni nilikuwa na tabia ya kuandika uzito halisi, kwa sababu Mabibo nilikuwa natakiwa kuujua, na kwa bibi nilikuwa nimeandika 140. Nane mara 140 ni kilo 1,120. Magunia kumi na moja na kilo ishirini. Bibi alikuwa sahihi kabisa. Shamba lake halikuwa na tatizo lolote.

Shilingi 176,000, bei ya kilo 320 za ziada ambazo sikuzilipia. Nimeikumbuka hesabu ile miaka yote hii kwa sababu niliirudia mara nne nikitumaini nimekosea.

Mume wangu aliamka akanikuta nimeishika Biblia na daftari kwa pamoja. Nikamwambia. Akaniuliza swali ambalo wafanyabiashara wenzangu wameniuliza mara nyingi baadaye: "Si mlikubaliana bei?" Ndiyo, tulikubaliana. Lumbesa haifichwi, inasimama shambani mchana kweupe na mkulima anaiona. Lakini anapoiona, Fuso iko ukingoni mwa shamba inanguruma, mvua inakuja, viazi vimeshang'olewa na vikilala nje vinaharibika, na akikataa, mnunuzi wa pili naye atakuja na sindano ile ile. Bibi alijua gunia litakuwa na kilemba. Hakujua limechukua madebe manane badala ya sita, kwa sababu sikutaka ajue. Nilikuwa nikimpigia hadithi wakati vijana wanapanga. Namkumbuka akicheka.

Kitabu cha Walawi, sura ya 6, kinasema aliyemdhulumu jirani yake arudishe kitu chote na aongeze sehemu ya tano juu yake, na ampe mwenyewe siku ile ile anapoleta sadaka yake ya hatia. Zakayo mtoza ushuru yeye alisema mara nne. Tulikaa na mume wangu mpaka kunakucha tukibishana kama ni moja ya tano au mara nne, yaani kama ni 211,200 au 704,000, na nakiri kwamba moyo wangu ulikuwa na Walawi. Nilichokiona usiku ule kwa mara ya kwanza ni kwamba Zakayo hakuambiwa na mtu. Yesu hakumdai. Alikwenda kwake kula, na huyu akasimama mwenyewe akaanza kutaja viwango. Mimi nilikuwa nimemkaribisha Yesu tangu Januari, huu ni Mei, na sikuwa nimesimama.

Nilienda Jumanne. Nilibeba 211,200 kwenye bahasha, na kilo mbili za sukari, ambazo baadaye niliona aibu nazo kwa sababu zilikuwa za kujipunguzia uzito. Bibi alikuwa jikoni, jiko la nje la mabanzi, anamenya magimbi. Tukasalimiana. Akataka kuinuka anipe kigoda, nikamwomba asiinuke. Nikapiga magoti kwenye majivu pale, nikamwambia yote. Sikusema "tulikosea", wala sikusema "biashara ilivyo". Nilimwambia: "Bibi, shamba lako halina kitu. Mwizi ni mimi, na juzi nimesimama kanisani nikaomba juu ya wizi wangu mwenyewe."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mawili, anifukuze au anikumbatie. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliweka kisu chini, akafuta mikono kwenye kitenge, akapokea bahasha, akazihesabu zile fedha, noti moja moja, polepole, zote. Moto ulikuwa unavuma chini ya sufuria. Alipomaliza akaniangalia.

"Na msimu wa nyuma, mwanangu?"

Sikuwa nimeufikiria. Kweli kabisa, haukuwa umeniingia akilini. Nilikuwa nimekuja kulipa deni la kilichoniuma, na yeye alikuwa anazungumzia deni. Nilikuwa nanunua kwake tangu 2009.

Nikamwambia nitarudi na daftari. Akasema, "Haya. Rudi nalo." Akanipa gimbi la moto nikala njiani, nikilia, na mpaka leo sijui kama lile gimbi lilikuwa msamaha au lilikuwa tu adabu ya nyumba isiyomruhusu mgeni kuondoka tumbo tupu.

Swali lile la bibi ndilo lililonibadilisha maisha kuliko mahubiri yoyote niliyowahi kuyasikia. Nilitoa madaftari yote niliyokuwa nayo, mengine kurasa zimeliwa na panya. Majina 37. Nilipomweleza mwinjilisti wangu alikaa kimya muda mrefu, kisha akanieleza habari za watu wa uamsho wa zamani, ule ulioanzia Gahini kule Rwanda mwanzoni mwa miaka ya 1930, baada ya Simeoni Nsibambi wa Uganda na daktari Mwingereza Joe Church kukutana Namirembe, Kampala, mwaka 1929 na kukaa pamoja siku kadhaa wakisoma Biblia na kuomba. Uamsho ule ulivuka mpaka ukaingia Bukoba, ukaenea. Wale watu, alisema, walijulikana kwa kurudisha. Mtu akiokoka, majirani wanasubiri kuona ataanza kubeba nini kupeleka kwa nani. Walikuwa na msemo wao, kutembea nuruni, na maana yake ilikuwa kwamba huna jambo na mwenzako lililobaki gizani. Nilipata nguvu kujua kwamba sikuwa mwendawazimu, kwamba njia hii imeshapitiwa na watu wenye miguu kama yangu.

Tuliuza kiwanja. Kilikuwa cha kujengea, tumekilipia kidogo kidogo miaka minne, na mume wangu ndiye aliyesema tukiuze. Nimemheshimu kwa hilo kuliko kwa kitu kingine chochote alichonifanyia. Fedha ile haikutosha kuwalipa wote, nikaendelea kulipa msimu baada ya msimu. Ningependa kusema kila mlango ulikuwa wa baraka. Haukuwa hivyo. Mzee mmoja alipokea akasema sasa amejua kwa nini mke wake alikufa bila dawa, akafunga mlango. Sikuwa na jibu na sinalo. Mwingine alidai magunia ambayo hakuwahi kuniuzia, nikampa nusu, kwa sababu sikuwa katika nafasi ya kumwita mtu mwongo. Wawili walikuwa wameshafariki, nikawapelekea watoto wao. Mama mmoja wa Kikondo alikataa katakata kupokea, akaniambia "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, "lakini hizo peleka kwa Mungu". Nikarudi nazo nyumbani bila kujua cha kuzifanya, na mwishowe nikamlipia bima ya afya ya mwaka bila kumuuliza.

Na hapa nina neno kwa kanisa, na nalisema kwa upendo wa mtoto aliyezaliwa ndani yake. Kwetu mtu akianguka katika uzinzi au ulevi anatengwa, jina linatajwa, anakaa nje ya meza ya Bwana mpaka atakaporudi kundini. Maisha yangu yote sijamwona aliyetengwa kwa sababu ya lumbesa. Kinyume chake, kwenye sikukuu ya mavuno, jogoo wa mjane anapigwa mnada, na anayepigiwa makofi ni mnunuzi wa viazi anayempandia bei. Mwaka 2013 nilimnunua jogoo mmoja kwa 50,000, kanisa likashangilia, mchungaji akanibariki. Bibi alikuwepo siku ile, nadhani. Gunia lake moja ndilo lililomnunua jogoo yule.

Msimu wa 2016 nikaanza upya. Nilinunua mizani ya kuning'iniza, nikaipeleka ikakaguliwa na kupigwa muhuri wa Wakala wa Vipimo, nikatangaza kwamba ninanunua kwa kilo. Vijana wangu walitazamana. Gunia likifika kilo 100 tunashona mdomo, bapa, halina kichwa. Ndani ya wiki moja walikuwa wameyapa magunia majina. Lile lenye kilemba waliliita "la zamani", na lile bapa wakaliita "la wokovu". Sikuwafundisha mimi. "Mama, haya arobaini ya wokovu tayari."

Nikapata hasara. Fuso ile ile iliyokuwa ikibeba lumbesa 70 sasa ilibeba magunia 98, viazi ni vile vile, uzito ni ule ule, lakini kila anayehesabu alihesabu 98. Ushuru wa 98. Kupakia 98. Kushusha 98. Na Mabibo walipoyaona wakasema haya ni magunia ya watoto, wakakata bei kuliko hata ile tofauti ya kilo. Nilirudi Mbeya kwa basi nikiwa nimepoteza karibu nusu ya mtaji, na kwenye milima ya Kitonga nilimwambia Mungu maneno makali. Nilimwambia nimekutii na umeniacha niaibike. Nimesikia shuhuda nyingi ambazo mtu anatii, na wiki ijayo anaingia mteja mkubwa kutoka pasipojulikana. Mimi hakuingia mtu.

Sasa nieleze na lile ambalo nililificha kwa muda. Januari 2017 ada ya mwanangu wa kwanza ilikuwa inadaiwa, shule imeshampigia simu baba yake mara mbili. Nilipata shehena ya haraka ya mtu wa Dar, anataka lumbesa, analipa taslimu. Nilijiambia mara hii moja tu. Nilikwenda shamba la mbali, kwa mkulima asiyenijua, jioni, ili tufunge giza likianza. Magunia ishirini. Kijana wangu wa sindano, yule hodari kuliko wote, alichukua gunia la kwanza, akalikung'uta, akaniuliza kwa upole kabisa kama mtu anayeuliza ukubwa wa kamba: "Mama, leo ni ya zamani au ya wokovu?"

Nikasema ya zamani.

Alifunga yote ishirini bila kusema neno. Usiku, njiani, hakuimba, na alikuwa mtu wa kuimba. Asubuhi hakuja kazini. Nilipompigia akasema anaumwa mgongo. Siku ya tatu nikaenda kwao, chumba cha kupanga pale Uyole, nikamkuta ameketi kitandani. Akaniambia, na hakuniangalia, kwamba alikuwa amekusudia kuokoka Pasaka. Alikuwa ameniangalia mwaka mzima nikipata hasara na sikurudi nyuma, akasema moyoni, basi jambo hili lipo. Sasa hajui.

Nimeshawahi kufiwa, na siku ile iliniuma kama msiba. Nilirudi kwa mkulima yule wa mbali na mizani yangu na fedha. Nilimwomba kijana twende wote, akakubali kuja lakini hakushuka kwenye pikipiki. Aliona nikilipa. Njiani kurudi hakusema kitu. Pasaka ile hakuokoka. Aliendelea kufanya kazi kwangu miaka miwili, akaondoka kwenda Tunduma, na bado ninamwombea kwa jina. Nimesikia anasali mahali fulani kule. Sijui zaidi ya hapo na sitaongeza.

Kwa hiyo mtu akiniuliza lini niliokoka, namtajia Januari 2015 na simwongopei. Damu ya Yesu ilinisafisha siku ile, sikuongeza kitu juu yake kwa kulipa, wala magunia yale hayakuninunulia mbingu. Ila nimejifunza kwamba Mungu aliponiingia aliingia na taa, na hakuwasha vyumba vyote usiku mmoja. Pengine ningekufa. Baada ya gunia akaja kwenye mshahara wa binti wa kazi, ambaye nilikuwa nikimlipa nusu ya niliyomwahidi mama yake na nikimwita mwanangu. Baada yake akaja kwenye namna ninavyomsema mume wangu mbele ya ndugu zangu. Hilo la mwisho bado tuko nalo. Nakosea, naungama, naanza tena, na mume wangu ni shahidi kwamba siku zinapishana urefu.

Biashara yangu sasa ni ndogo. Dar sipeleki tena isipokuwa mara chache. Nimepata wakaanga chipsi wa mjini Mbeya wanaonunua kwa kilo, na jiko la shule moja ya bweni ambalo mhasibu wake anataka uzito ulioandikwa kwa sababu naye anakaguliwa. Hatujajenga bado. Tunapanga.

Kwa bibi ninanunua kila msimu. Deni lake lilichukua miaka mitatu kuisha, na siku nilipompa ile ya mwisho alichana ukurasa wake kwenye daftari langu yeye mwenyewe, akautia motoni. Nilidhani tangu hapo ataniamini. Mwaka huu nimekwenda, vijana wametundika mizani kwenye mti ulio nyuma ya nyumba, wamening'iniza gunia tupu tayari kujaza. Bibi akawazuia kwa mkono. Akaingia ndani, akakaa, tukamsubiri, akatoka na miwani aliyonunuliwa na yule mjukuu mkubwa, ambaye sasa anafundisha. Akaivaa, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa uso wa mizani.

"Nakuombea kila siku, mwanangu," akasema, akiwa bado ameinama. "Lakini toeni hilo gunia. Irudi kwanza kwenye sifuri."

Kijana akalitoa. Mshale ukatikisika, ukatulia. Bibi akautazama, akatikisa kichwa kukubali, akasogea hatua moja nyuma na daftari lake mwenyewe mkononi, na kalamu.